Pipa la Tatu

Bondeni, Nakuru
Jumapili, saa nane mchana
Januari 1959

Mwanangu Nekesa,

Wewe na mama yako mmetoka kwenda kuwaaga akina mama wa kanisa, na ninavyowajua hao, hamtarudi kabla ya chai ya pili. Kwa hiyo meza ni yangu. Nina wino niliouazima kwa Mwalimu Ezra, na sanduku lako la bati liko hapa mbele yangu, limeshafungwa kamba. Nikimaliza nitaifungua hiyo kamba, niisukume barua hii chini ya sweta, kisha niifunge tena. Mama yako atajua tu kwamba kamba imeguswa. Mwache ajue.

Habari za kitana, mafuta, na jinsi ya kukunja shuka amekwisha kukuambia yeye, mara tatu ambazo mimi mwenyewe nimezisikia. Sizirudii. Wala usitarajie mahubiri, kwa maana pasta amekuhubiria asubuhi hii mpaka watoto wa mbele wakalala. Mimi nina makosa mawili niliyoyafanya kule unakokwenda, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Ni ajabu kukuandikia barua ya kwenda mbali, maana mahali penyewe mimi napanda kila siku. Miaka kumi na minne sasa. Saa nzima ya kusukuma baiskeli kupanda barabara ya Dundori, robo saa ya kushuka kama breki zinashika. Lakini nikiwaza vizuri naona kesho unakwenda mahali ambapo mimi sijawahi kufika. Mimi shule ile naijua kwa nyuma: jikoni, stoo ya kuni, kamba za kuanikia, chumba cha pasi. Mbele pana mlango mkubwa wenye ngazi tano, na maua pande zote mbili. Nimeziona ngazi hizo kutoka kwenye kona ya ua nikipita na kikapu. Sijawahi kukanyaga hata moja.

Unajua mji wetu ulivyopangwa. Watoto wa Kizungu wana shule yao ya serikali, yenye uwanja wa majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Wahindi wana yao, ya mawe, karibu na maduka yao. Yetu iko hapa Bondeni, mabati juu na vumbi chini. Zote tatu ni za serikali moja, na sijasikia mtoto aliyetoka moja akaingia nyingine, kwa sababu serikali huuliza rangi ya mtoto kabla ya kuuliza jina lake. Shule unayokwenda wewe si ya serikali. Ni ya watu binafsi, ina bodi yake, na bodi humchukua inayemtaka. Kwa miaka mingi ilitaka Wazungu watupu. Halafu ikamchukua binti mmoja wa Kihindi, nitakuja kwa huyo. Mwaka huu imesema itachukua Waafrika wawili, binti wa pasta mmoja wa Nairobi na wewe, na kanisa ndilo litakalokusimamia.

Watu wa hapa wana maneno yao. Jirani yetu anasema Wazungu wameona upepo umegeuka, sasa wanajifunza kutusalimia mapema. Mzee wa kanisa anasema ni roho nzuri. Mimi moyo wa bodi siujui. Mimi ni dhobi, nahesabu watu kwa shati. Jumanne hii nitaanika blauzi nyeupe mia moja na kitu, na katika hizo mbili tu zitakuwa za watoto weusi. Hapa Bondeni darasani kwenu mlikuwa sitini na wawili, weusi wote, mnakaa wanne kwenye benchi la watatu. Kule darasa moja lina watoto kumi na wanane. Nimeyahesabu madawati yao siku yalipotolewa nje kupakwa vanishi. Sikuambii haya ili uone umefika mbinguni. Nakuambia ili siku ya kwanza ukitazama huku na huku na kumkosa mtu anayefanana nawe, usidhani umepotea njia. Umehesabu sawasawa, ndivyo ilivyo.

Lakini dhobi anajua jambo jingine ambalo hata mwalimu mkuu halijui vizuri. Kule kila mtoto ana namba, imeshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Wewe ni themanini na nane, mama yako amekushonea mpaka kwenye soksi. Mimi watoto wale siwajui kwa majina. Nawajua kwa namba na kwa nguo. Kumi na saba anatafuna kola akisoma. Baba yake ana shamba ambalo wanasema huwezi kulimaliza kwa farasi asubuhi moja, lakini soksi za binti zimetiwa viraka vingi kuliko zako. Hamsini na tatu ana miaka kumi na miwili na bado shuka lake huja Jumatatu likiwa limelowa. Na wiki ya kwanza ya muhula, mama, vitambaa vya mfukoni huja vimekauka kwa chumvi ya machozi, vya wakubwa na wadogo. Miaka kumi na minne sijaona muhula uliokosa. Kwa hiyo ukisikia kulia, lia. Nguo zenu zitakuja kwangu, na mimi sisemi ya mtu.

Nimesema nina makosa mawili. Nikitazama vizuri ni matatu. Nianze na lile dogo, ingawa Mwalimu Ezra huenda haoni kuwa ni dogo.

Unakumbuka madaftari niliyokuwa nikileta. Mwisho wa muhula kule walikuwa wakiyatupa kwenye shimo la takataka, mengine yakiwa na kurasa nusu nzima tupu, na mimi nilikuwa nikiyaokota kabla hayajachomwa. Ulijifunza Kiingereza chako kwa kusoma upande wao na kuandika upande wako. Nilifurahi sana. Nilifurahi mpaka nikaota kiburi. Nikawa nakuambia hapa mezani kwamba shule ya Bondeni si kitu, kwamba kuna siku utaona shule yenyewe. Na wewe, kwa vile ulikuwa na miaka tisa na baba yako hakosei, ukaenda ukamwambia Mwalimu Ezra mbele ya darasa: "Baba amesema hapa hakuna kitu."

Alikuja jioni hiyo hiyo. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikatayarisha maneno. Akakaa, akanywa chai yake mpaka mwisho, ndipo akasema, "Mzee, mimi niko na watoto sitini asubuhi na wengine hamsini mchana. Chaki napewa ya kuvunja katikati. Hiyo hakuna kitu unaongea, mimi ndio naifundishia. Sasa huyu msichana wako, nani alimfundisha kusoma hayo madaftari ya Wazungu? Ni hayo madaftari yenyewe?" Mwaka juzi bodi ilipouliza kanisa kama kuna msichana wa Kiafrika anayefaa, ni yeye aliyeiandikia barua ya kukupendekeza. Kurasa nne. Aliiandika mara tatu kwa sababu hakutaka ikutwe na doa la wino. Kwa hiyo kule ukiulizwa umesoma wapi kabla ya hapo, sema Bondeni, uiseme kwa sauti.

Sasa nikuambie habari ya mapipa.

Nyuma ya chumba cha pasi pana mapipa ya mafuta yaliyokatwa katikati, na humo ndimo tunamofulia. Tangu nilipoanza kazi yalikuwa mawili. La kwanza la watoto na walimu. La pili la wafanyakazi: kanzu za wanaohudumu mezani, aproni za jikoni, kaki zetu. Maji ya pipa moja hayaingii la pili. Nilipofika nilikuta hivyo, na aliyenifundisha kazi naye alikuta hivyo.

Alipokuja yule binti wa Kihindi, namba arobaini na moja, metroni mzee aliniita. Metroni ni yule bibi wa Kizungu, memsahib kwetu, anayeangalia mabweni na nguo. Akaniambia, "Dhobi, hii nguo ya arobaini na moja, tia pipa yake." Nikasema, "Ndiyo, memsahib." Nikatafuta pipa la tatu. Nikalikata mwenyewe, nikalipiga msasa mdomo lisichane nguo, nikajenga mafiga matatu ya mawe. Kazi nzuri kabisa. Kila Jumanne nikawa nabeba madebe manne ya maji zaidi, nawasha moto wa tatu, kwa ajili ya blauzi tatu na sketi mbili za mtoto mmoja.

Hiyo ilikuwa amri, na amri ya kazi kila mtu anaijua. Kosa langu si hilo. Metroni mzee aliondoka kabla ya mwaka kwisha, akarudi kwao Uingereza. Akaja mpya, huyu aliyepo sasa. Huyu hakusema neno juu ya mapipa, alitaka nguo tu zihesabike. Na mimi nikaendelea. Muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nne. Hakuna aliyeniamuru. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa naamka alfajiri, napanda mlima ule, nabeba madebe manne yasiyo na mwenyewe, na mgongo unaniuma, na sikujiuliza hata siku moja nafanya hivi kwa nini.

Siku moja yule binti alikuja nyuma kutafuta mshipi wa gauni lake. Alikuwa na umri kama wako wa sasa, miwani mikubwa, sauti ndogo. Akasimama akaangalia mapipa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wazungu. Akaniuliza, "Dhobi, kwa nini nguo yangu iko peke yake?"

Nikamwambia, "Ili zisipotee."

Akasema, "Asante. Kweli hata moja haijapotea." Akaenda zake.

Nekesa, nimewahi kutukanwa kwenye kazi ile. Mwaka ule Hali ya Hatari ilipoanza tuliwahi kupekuliwa getini asubuhi na jioni, mpaka ndani ya viatu. Hayo yote yamepita. Ile asante haijapita. Mtoto alinishukuru kwa kumtenga, na mimi nilipokea shukrani.

Mwisho wake haukuwa na heshima yoyote. Metroni mpya alikuja siku moja kukagua kuni. Akauliza, "Dhobi, hii pipa tatu ya nini?"

"Ni amri, memsahib."

"Amri ya nani?"

Nikajiuliza nami. Amri ya nani? Aliyeitoa alikuwa ng'ambo, labda hata hatukumbuki. Nikasema, "Ilikuwa namna hiyo."

Akahesabu madebe kwa kidole, akasema, "Basi maji na kuni inaharibika bure," akaondoka. Hakusema neno la utu, wala mimi sikumsubiri aseme. Nikalimwaga, nikaligeuza juu chini. Siku hizi nalikalia nikila chakula cha mchana. Binti yule alimaliza shule mwaka jana akaenda zake, na jina lake silijui mpaka leo.

Ungedhani nimepata somo. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mwezi uliopita metroni aliponipa orodha mpya ya namba, nikaona themanini na nane, na mbele yake jina lako kwa mashine, unajua nilichofikiri kwanza? Sikusema moyoni, "Asante Mungu." Nilifikiri, zake zitaingia pipa gani? Mkono wangu ulishaanza kukupangia. Nilikaa juu ya lile pipa la tatu na karatasi mkononi, na aibu niliyoisikia sitaki uijue kwa kuionja.

Sasa lile la mwisho, ambalo ni la juzi Alhamisi.

Barua ya bodi inasema wazazi wawalete watoto kesho saa nne, mlango wa mbele. Haikusema wazazi wa Kizungu. Ilisema wazazi. Na mimi Alhamisi nilivua kofia, nikaenda ofisini kwa metroni, nikamwambia, "Memsahib, Jumatatu mtoto ataletwa na mwalimu yake. Mimi nitakuwa kwa kazi."

Akaniangalia. "Kwa nini? Wewe si baba yake?"

"Ni vizuri hivyo, memsahib. Watoto wasijue."

Akainua mabega. "Shauri yako, Dhobi."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Nilijiona mtu mwenye busara, nimekufunika mwanangu usichekwe. Nilimweleza mama yako alipokuwa akimenya viazi, nikitarajia sifa. Akaweka kisu chini.

"Nani alikwambia usiende?"

"Hakuna mtu."

"Nani alikwambia watoto wasijue?"

"Nimesema, hakuna mtu. Nilifikiria tu."

"Basi wewe umejifukuza wewe mwenyewe," akasema. "Wewe Simiyu ukisikia watu wanavuliwa ngozi, utatoka mbio kuuliza yako iwekwe wapi." Tangu hapo hajanisemesha ila kwa kuniwekea sahani. Ulidhani ana huzuni ya wewe kuondoka. Ni hiyo pia, lakini sehemu kubwa ni mimi.

Wewe nilikuambia kazi ya Jumatatu ni nyingi, ndiyo maana Mwalimu atakupeleka. Ulisema, "Sawa, papa," ukaendelea kupaka viatu rangi. Nilikuona. Ulikipaka kiatu kimoja mara mbili na cha pili ukakisahau. Ulijua ni uongo, na uliniheshimu ukanyamaza. Naomba radhi kwa uongo huo. Jumatatu ya kufungua shule hakuna nguo hata moja chafu. Ndiyo siku nyepesi kuliko zote.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwa ajili yako, hilo ni kweli, niliwasikia kichwani wakisema binti wa dhobi, binti wa dhobi. Lakini niliogopa pia kwa ajili yangu. Niliogopa zile ngazi tano. Niliogopa kusimama na koti pale ambapo wamezoea kuniona na kikapu. Na woga huo nikauvisha nguo safi, nikauita mapenzi ya baba. Nguo najua kuzisafisha, hata zisizostahili.

Nimeona sasa nilivyoandika, na nimeona ni jambo lile lile. Nimelikata pipa la tatu mara ya pili, nikalipiga msasa mdomo, na safari hii nimekutia wewe ndani. Hakuna aliyeniamuru.

Nimeweka kalamu chini. Naenda kwa Mwalimu.

*

Nimerudi. Wino ulikuwa umeanza kukauka kwenye nibu.

Nimemkuta Mwalimu Ezra amekaa nje ya nyumba yake, anasahihisha madaftari ya likizo. Nikamwambia, "Mwalimu, ile habari ya kesho, niachie."

Hakuinua hata kichwa. "Sawa."

"Hukasiriki?"

"Mimi hata shati sijapigisha pasi," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ukuje. Ungechelewa mpaka jioni, ningekuja mimi nikuulize kama umekufa." Ndipo akacheka, na mimi nikacheka. Nilipokuwa nikiondoka akaniita. "Mzee, pale mlangoni wako na kitabu. Niliiona siku nilipeleka ile barua yangu. Kila mzazi akileta mtoto anaandika jina yake ndani. Si alama, jina. Unajua hiyo?"

Sikujua. Miaka kumi na minne, na sikujua kuna kitabu.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Tutapanda lori la mboga mpaka njia panda, halafu tutatembea, mimi nikibeba sanduku. Nitavaa lile koti langu la harusi, ambalo mama yako amerudi kutoka kanisani sasa hivi na kunikuta nalo juu ya meza na pasi mkononi. Wewe umebaki kwa shangazi, kwa hiyo hukumsikia. Amesimama mlangoni, akaangalia koti, akaangalia barua, akasema, "Hiyo koti ni ya matanga ya nani?" Ni neno lake la kwanza tangu Alhamisi. Nikamwambia. Akalichukua kutoka mikononi mwangu, akalipiga pasi yeye, na hata hakulipiga vizuri, mimi nikamwacha. Ameomba kuja pia. Kwa hiyo tutakuwa watatu kwenye ngazi.

Nikishakuacha hapo mbele nitazunguka nyumba, nitalivua koti nilitundike nyuma ya mlango wa chumba cha pasi, nitaanza kazi. Hilo halibadiliki, na sitaki uone haya kwa ajili yangu wala unionee huruma. Pasi ni kazi. Kesho kutwa Jumanne blauzi yako itaingia pipa la kwanza pamoja na za kumi na saba na hamsini na tatu na wote, na sitaomba ruhusa, kwa maana nimejifunza kwamba nikienda kuomba ruhusa nitakuwa nimeleta swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kama kuna mwenye neno, atakuja aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, na nitamuuliza ni amri ya nani. Pipa la pili, lile la sisi wafanyakazi, bado lipo. Hilo nalifikiria. Siku moja moja.

Na wewe, kitu kimoja tu nakuomba, si amri. Usijipange kabla hujapangwa. Ukiingia chumba cha kulia na ukaona viti, kaa kwenye kiti kilicho karibu. Usitafute cha pembeni kwa kudhani ndicho chako. Labda atakuja mtu akuhamishe. Watu wa namna hiyo wapo, na ukihamishwa utaumia, na kitakuwa ni kitendo chake. Lakini ukijihamisha mwenyewe hutakuwa na wa kumlaumu, na utaendelea kujihamisha hata baada ya yeye kurudi kwao na kukusahau. Mimi nimebeba maji ya mtu aliyeondoka, mihula minne. Najua uzito wake.

Yule mwingine, binti wa pasta wa Nairobi, ni themanini na saba. Muulize jina lake siku ya kwanza. Na hao wengine pia, kumi na saba na hamsini na tatu, uniulizie majina yao, uje uniambie siku ukipita nyuma.

Maana utapita nyuma, sivyo? Ukiniona na mikono imejaa povu, na uko na wenzako, nisalimie unavyonisalimia hapa nyumbani, kwa kilugha chetu, kwa sauti: mulembe, papa. Kama siku hiyo huwezi, pita tu, sitakununia. Utaweza siku nyingine. Lakini ukinisalimia nitakuitikia kwa jina lako, jina la mama yangu, Nekesa. Miaka yote hii kule juu sijamwita mtoto hata mmoja kwa jina.

Ukisoma hapa kesho kitandani kwako utakuwa umeshajua kama nilitimiza au woga ulinishinda njia panda. Kama ulinishinda, barua hii iwe ushahidi juu yangu, unisute nayo. Kama nilifika, basi shuka ukaangalie kitabu kile pale mlangoni. Huwa natia herufi moja tu mwisho wa barua zangu, unajua. Leo nimeandika jina lote, polepole, maana nafanya mazoezi ya kesho.

Ni mimi baba yako,

Yohana Simiyu